Raya, Badilisha Saa, Usiongeze Dozi

Mji Mkongwe, Unguja
Mei 24

Mwanangu Raya,

Masika yanamalizia, kusi limeanza kuvuma, na usiku tunalala tukijifunika shuka. Baba yako anakusalimu, na goti lake limepata nafuu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikiwa na kalamu mkononi. Unasema tangu Muscat ianze kuchemka jeli yako ya homoni imelala, haifanyi kazi. Moto unakupanda kifuani hadi utosini, usingizi umekatika, na unawaza kuongeza pampu ya tatu kimyakimya bila kumwambia daktari. Umeniuliza kama shangazi yako na kama mtu aliyekula ujana wake nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Nakujibu kwa barua makusudi. Simu utaipokea ukiwa jikoni na nusu ya maneno itaishia kwenye sufuria. Barua unaweza kuibandika ndani ya mlango wa kabati ukaisoma kila ukisahau.

Neno langu kubwa naliweka mwanzo: usiongeze dozi, badilisha saa. Jeli hii inataka vitu vitatu tu. Inataka ngozi kavu, mwili uliopoa, na saa moja nzima isiyoguswa na maji wala na mtu. Majira ya baridi vitu hivyo vinakuja vyenyewe. Kiangazi lazima uvitafute, na kwa jinsi ulivyonieleza siku yako, wewe hukuvitafuta.

Nianze na kazi ya hiyo jeli, maana mtu akijua dawa inavyokwenda hahitaji kukariri masharti. Ulipoondolewa kizazi pamoja na ovari zote mbili, mwili wako ulipoteza kwa siku moja homoni ambayo kwa wanawake wengine hupungua polepole kwa miaka. Estradioli iliyomo ndani ya jeli ndiyo inayoshika nafasi ile. Imeyeyushwa kwenye mchanganyiko wa maji na spiriti. Ukiipaka, spiriti inaruka hewani kwa dakika chache, na homoni inabaki juu ya ngozi na kuingia kwenye tabaka lake la juu, lile gumu, jembamba kuliko karatasi. Hapo inajiweka kama akiba, kisha inashuka kidogo kidogo kwenye damu mchana kutwa na usiku kucha. Ndiyo maana unapaka mara moja kwa siku na si kila baada ya mlo.

Hata mambo yakienda vizuri kabisa, kinachofika kwenye damu ni sehemu ndogo tu ya kile ulichopaka. Watengenezaji walilijua hilo walipopanga dozi. Kwa hiyo kitu kidogo kikiharibika katika ile saa ya kwanza, hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Sasa njoo kwenye joto. Joto linafanya mambo mawili yanayovutana. La kwanza, mwili ukipata moto mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi inatanuka, damu inapita kwa wingi, na dawa iliyo juu ya ngozi inaweza kuvutwa haraka kuliko ilivyokusudiwa. Viraka vya fentanili, ile dawa kali ya maumivu, vimeandikwa onyo wazi kwamba mgonjwa asiviweke kwenye joto, kwa sababu hiyohiyo. La pili, mwili ukipata moto unatoa jasho. Kupaka jeli juu ya jasho ni sawa na kupaka rangi ukuta mbichi: inateleza, inachanganyika na maji, inakusanyika kwenye mikunjo, na inayobaki inafutwa na nguo. Siku moja joto litakuzidishia, siku ya pili jasho litakupunguzia, na wewe huna njia ya kujua leo ni lipi. Ukiongeza pampu katika hali hiyo unakuwa unabahatisha. Siku ambayo ngozi itakuwa kavu, pampu zote tatu zitafanya kazi, na utaamka matiti yanauma, kichwa kinagonga na moyo unachafuka.

Nimeifuatilia siku yako kama ulivyoisimulia. Unarudi kutoka kazini saa kumi alasiri, unapumzika, unaoga karibu saa kumi na mbili jioni, unapaka jeli mikononi, unavaa, halafu adhana ya Magharibi. Hapo ndipo nilipokamata tatizo. Desemba hapo Muscat jua linazama mapema, kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Ulikuwa unaswali Magharibi kwanza ndipo uoge na kupaka, na jeli ilikuwa na muda wake. Kufika Juni jua linazama karibu saa moja kasoro dakika tano. Saa yako ya kuoga haikuhama, Magharibi ndiyo iliyohama. Sasa unapaka kwanza, kisha unakwenda kutawadha na kuosha mikono yote miwili hadi viwikoni kabla jeli haijamaliza kuingia. Sehemu ya dawa yako inakwenda na maji ya udhu, na wewe unalilaumu jua.

Juu ya hayo kuna maji yenyewe. Nimekaa kwenu kiangazi, ninakumbuka bomba la maji baridi likitoa maji ya moto, kwa sababu matangi yako juu ya paa na yanapikwa na jua tangu asubuhi. Mtu anaoga kwa maji hayo saa kumi na mbili jioni, anajifuta, na kabla hajafika chumbani ameshalowa upya. Huko si kama hapa, ambako usiku upepo wa bahari unapoza. Juni 26, 2018, kule Qurayyat, mkoa huohuo wa Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Katika nchi ya namna hiyo jioni si wakati wa kupaka jeli.

Saa yako ni baada ya swala ya Alfajiri. Nisikilize nikupangie hatua kwa hatua.

Juni Alfajiri inaingia karibu saa kumi ya usiku, na jua linachomoza saa kumi na moja na kitu. Umelala usiku kucha chini ya kiyoyozi, mwili umepoa, damu imetulia. Tawadha kwa utulivu, swali, vuta nyiradi zako. Ukimaliza, maji ya udhu yatakuwa yamekauka mikononi. Kama bado, futa kwa taulo safi bila kusugua. Kaa kitandani, chumba bado kina baridi. Pitisha kiganja kwenye mkono kutoka kifundo hadi begani. Ukihisi utelezi wa jasho, subiri. Ukihisi ukavu, endelea.

Bonyeza pampu mara moja kiganjani, upake mkono mmoja wote, kutoka kifundo hadi begani, ndani na nje. Bonyeza tena kwa mkono wa pili. Itandaze iwe nyembamba. Usiichue kama mafuta ya kuchulia misuli, haihitaji hivyo. Ieneze tu kisha uiache. Ukiilundika mahali padogo itabaki inanata na itakauka kwa shida, na hasa kwenye unyevu wa pwani. Iachie dakika tano bila kitu juu yake. Ukigusa na kukuta haishiki kidole, vaa gauni jepesi la pamba lenye mikono. Nenda ukanawe viganja kwa sabuni, viganja tu, usifike juu ya kifundo. Halafu rudi ulale au soma Kurani yako. Saa moja ikipita, oga utakavyo, hata mara nne kwa siku.

Kutoka hapo hadi udhu wa Adhuhuri, saa sita na kitu mchana, una zaidi ya saa saba. Hakuna nafasi nyingine katika siku ya Mwislamu inayotoa muda mrefu hivyo mikono ikiwa mikavu, isipokuwa baada ya Isha. Isha nayo inafaa kama chumba kimepoa, lakini utakuwa unaingia kitandani na mtoto pembeni, na habari za mtoto nitazifikia.

Kuhama kutoka jioni kwenda alfajiri, muulize mfamasia wako akupangie siku ya kuanza, usije ukapaka mara mbili ndani ya saa chache. Na siku ukisahau, ukikumbuka mapema paka. Ukikumbuka zikiwa zimebaki chini ya saa 12 kufikia dozi inayofuata, iache ipite. Usipake mbili kwa pamoja kufidia. Hali kadhalika ukitokwa na jasho jingi au ukiloa kabla saa haijatimia, usirudie kupaka, kwa sababu hujui kiasi gani kimeshaingia.

Mikono ikiwa na vipele vya joto, au umekwaruzwa na paka, hamia sehemu ya ndani ya paja kama karatasi ya dawa yako inaruhusu. Lakini mapaja kiangazi yanatoa jasho na kusuguana unapotembea, kwa hiyo nayataja kama akiba tu. Kwenye matiti usipake kabisa, wala sehemu za siri, wala juu ya kidonda.

Uliniuliza pia kama jeli inazuia udhu kwa kuweka utando, na kama inafunguza. Kwa upande wa dawa naweza kukujibu: ikikauka haiachi tabaka la kuzuia maji, si kama rangi ya kucha. Kuhusu saumu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997, liliziweka dawa zinazopenya kwenye ngozi, kama vile mafuta ya kupaka na viraka vya dawa, miongoni mwa vitu visivyobatilisha saumu. Suala la spiriti iliyomo ndani, na msimamo wa wanazuoni wenu wa hapo, waulize wenyewe. Mimi ni mtu wa dawa, sikuvaa kilemba.

Sasa mambo ya kike, ambayo daktari wako pengine hakuyataja kwa sababu hajui nyumba zetu zinavyonukia. Jeli ina spiriti nyingi, na spiriti inashika moto. Usikae karibu na chetezo, usifukize udi wala nguo, usiwashe jiko la gesi, mpaka ikauke kabisa. Najua unapenda kufukiza kanga na abaya zako asubuhi kabla ya kwenda kazini. Fukiza baada ya kuoga, wakati jeli imeshaingia. Mafuta ya nazi, liwa, mafuta ya udi na losheni, vyote visitangulie mbele ya jeli mahali pale pale, kwa maana vinabadilisha upenyaji wake, na huwezi kujua kwa kiasi gani. Viache mpaka saa moja ipite. Krimu ya kukinga jua nayo ni hivyo hivyo: kwanza jeli, saa ipite, kisha krimu. Na ukialikwa harusi ukasuguliwa singo, jua kwamba singo inakwangua ngozi ya juu, ile ile inayohifadhi akiba yako. Waambie wasisugue mikono siku hiyo, au ufanye jioni, mbali na saa ya dawa.

Kuhusu mtoto naomba usinidharau. Homoni iliyo juu ya ngozi yako inahamia kwenye ngozi ya mwingine kwa kugusana. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru jeli za testosteroni, zile za wanaume, ziwekewe onyo la juu kabisa, baada ya watoto waliogusana na ngozi ya baba zao kuanza kuonyesha dalili za balehe kabla ya umri. Mwaka uliofuata ikatoa tahadhari kuhusu dawa ya estradioli ya kupuliza kwenye mkono: watoto walioguswa nayo walivimba matiti, na hata wanyama wa nyumbani walidhurika. Mwanao ana miaka minne na analalia mkono wako. Saa ile ya kwanza asikuguse, na baada ya hapo ukimbeba mikono iwe imefunikwa au imeshaoshwa. Mumeo pia ni mtu. Naye asiguse mpaka ikauke na ufunike. Ikitokea mtu ameguswa, aoshe mahali pale kwa sabuni na maji mara moja. Paka wako Simsim na yeye asikulambe mikono. Hii ndiyo faida nyingine ya alfajiri: nyumba nzima imelala.

Kichupa chenyewe kinataka adabu. Kwenye picha uliyonitumia nimesoma asilimia 0.06, gramu 80. Kila bonyezo linatoa gramu 1.25 za jeli, yenye miligramu 0.75 za estradioli, kwa hiyo mabonyezo 64 ndiyo mwisho wa kichupa. Wewe unabonyeza mara mbili kwa siku, yaani siku 32. Baada ya hapo pampu itaendelea kutoa kitu, lakini si kipimo kamili, na wewe utasema dawa imelala kumbe kichupa ndicho kimekwisha. Kichupa kipya, andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwake. Na pampu mpya inatoa hewa kabla ya dawa. Fuata karatasi inavyosema kuhusu mabonyezo ya mwanzo ya kumwaga, na umwagie kwenye karatasi, si kwenye ngozi.

Sanduku la dawa limeandikwa kichupa kisikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25. Chumbani chini ya kiyoyozi ni sawa. Jikoni si sawa, bafuni si sawa, na ndani ya gari ni balaa: gari lililofungwa juani huko kwenu ndani yake linapita nyuzi 60, na hicho ni chombo chenye spiriti. Usikiache kwenye mkoba kwenye kiti cha nyuma ukasema nashuka dakika moja. Usikigandishe kwenye friza pia. Kama kiliwahi kupikwa kwenye gari, mpelekee mfamasia akushauri; usiendelee kupaka kwa kuonea uchungu pesa. Ukija huku wakati wa kaskazi, kiweke kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari; gramu 80 zinapita kwenye ukaguzi wa ndege. Na hapa nitakuwekea chumba chenye kiyoyozi, maana joto la kaskazi na unyevu wake unaujua.

Sasa swali gumu: utajuaje kama jeli inafanya kazi wakati nchi nzima inatoa jasho? Wanawake wengi wanakosea hapa. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayoitwa haipothalamasi, ambayo ni kipimajoto cha mwili. Estrojeni, homoni ya kike ambayo estradioli ni aina yake, ikipungua, kipimajoto kile kinakuwa na wasiwasi; joto likipanda kidogo tu kinatangaza hatari, mishipa inatanuka, jasho linamwagika. Hilo ndilo joto la kukoma hedhi. Lakini kutoa jasho ukitoka kwenye gari kwenda sokoni Ruwi saa saba mchana si dalili ya homoni, ni dalili ya kwamba uko hai. Usipime dawa mchana wala nje.

Pima usiku, chumba kikiwa kimepoa. Moto wa homoni unaanza ghafla, unatoka kifuani unapanda shingoni na usoni, moyo unakwenda mbio, unadumu dakika chache, kisha unaacha jasho na baridi. Ukikupata ukiwa umelala chini ya kiyoyozi, andika kwenye daftari: saa ngapi, mara ngapi, jana ulipaka saa ngapi, uliloa au hukuloa. Andika pia usingizi, maumivu ya viungo, na hasira zisizo na sababu. Kaa na saa mpya ya alfajiri wiki nne, kisha umpelekee daktari daftari lile. Akiona moto wa usiku bado upo na upakaji wako ni safi, yeye ndiye atakayeongeza dozi, au atakubadilishia dawa. Hapo pampu ya tatu itakuwa halali.

Akikuandikia kipimo cha damu, mwambie unapaka jeli mikononi. Sindano ikipita kwenye ngozi yenye mabaki ya homoni, damu inachafuka na majibu yanatoka ya juu kuliko ukweli. Majibu ya namna hiyo humfanya daktari apunguze dozi ya mtu ambaye kwa kweli hapati ya kutosha. Muulize kama siku za kabla ya kipimo upake pajani.

Najua pia kwamba dada zako wa kazini wamekutisha, wanasema homoni ni saratani, uache. Hofu hiyo ilisambaa duniani tangu mwaka 2002, ulipositishwa kabla ya wakati sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa Women's Health Initiative. Lakini wanawake wale walikuwa wakimeza vidonge vyenye homoni za aina mbili, na wengi wao walikuwa wamekwishapita umri wa kukoma hedhi zamani. Wewe una miaka 39, huna ovari, na unapaka kwenye ngozi. Kidonge kinapita kwanza kwenye ini na kuamsha vitu vinavyogandisha damu. Jeli inaingia kwenye damu bila kupitia huko kwanza, na utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha tofauti hiyo kwa upande wa damu kuganda. Kwa mwanamke aliyeondolewa ovari mapema, ushauri wa kawaida wa madaktari ni kuendelea na homoni angalau mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, karibu miaka 51, isipokuwa kama ana sababu ya kukatazwa. Mifupa yako na moyo wako vinaitegemea, hata siku ambazo huhisi joto lolote.

Hilo lina upande wake wa pili. Rafiki yako aliyekuomba umgawie pampu moja usimpe. Wewe huna kizazi, kwa hiyo estrojeni peke yake inakutosha. Yeye anacho, akitumia estrojeni bila projesteroni, ukuta wa kizazi chake unaweza kukua kupita kiasi na kuja kuwa saratani. Mpeleke kwa daktari, hiyo ndiyo hisani.

Na wewe mwenyewe, ukihisi uvimbe kwenye titi, mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikatika, au macho yakigeuka manjano, usisubiri daftari wala barua ya shangazi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mumeo akisafiri kwenda Salalah wakati wa khareef, msimu wa manyunyu, nenda naye ukapumzike, lakini hata kule usilegeze. Joto ni dogo ila mawingu na manyunyu yanafanya hewa iwe na unyevu mwingi, na jeli inachelewa kukauka. Ipe dakika zake.

Msalimie mumeo, mbusu mtoto mashavuni. Usiongeze pampu. Mpigie mfamasia wako asubuhi akupangie siku ya kuhamia alfajiri, na daftari ulianze usiku huohuo. Wiki ya nne ikifika uniandikie uliyoyaona, mazuri na mabaya, nami nitakujibu.

Wabillahi tawfiq.

Shangazi yako akupendaye,
Bi Zuwena